Sitini na Moja kwenye Jamvi

Mwanangu Saumu,

Salamu zangu unazijua, na hali yangu umeiacha hapa barazani muda si mrefu ulipotoka kwenda kuaga, kwa hiyo hayo tuyaruke. Nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu viti vyote viwili umevilundikia mizigo. Karatasi nimeiweka juu ya goti. Mwandiko ukipinda usilaumu kalamu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kutunza vyeti, wala za kupokea simu. Tangu ulipopangiwa shule ya kufundisha, kila mwanamke wa hapa kijijini Kanga amekushika mkono njiani kukuambia kwamba Sumbawanga kuna baridi ya kukata masikio. Wamekuambia vya kutosha. Mimi naandika kwa sababu ya swali moja tu uliloniuliza juzi, upawa wa mchuzi ukiwa hewani.

"Utakula na nani, baba?"

Nikakujibu kwa ukali. Nilisema mimi si mtoto wa kunyonya, na kwamba watu wanaishi peke yao na hawafi. Ukauweka upawa chini. Ukasema, kwa ile sauti yako ndogo ambayo huwa naiogopa kuliko kelele, kwamba utaomba ubadilishiwe, upewe shule ya hapa hapa kisiwani, hata kama ni kukaa mwaka mzima unangoja. Tangu hapo hatujaligusa tena. Boti inaondoka Kilindoni alfajiri, maji yakijaa, na mpaka sasa sijui kama kesho utapanda au utabaki gatini umeshika begi, unanitazama. Nadhani hata wewe hujui.

Kwa mdomo nakasirika upesi, unanijua. Kwa kalamu nina subira kidogo. Nisome mpaka mwisho ndipo uamue.

Unajua wananiitaje hapa kijijini. Bwana Sinia. Kukiwa na harusi, maulidi au hitima, wapishi wanapika, masheikh wanasoma, na mimi napanga watu wapate kula. Watano kila sinia. Si wanne, si sita. Sinia moja, mikono mitano, vipande vitano vya nyama juu ya pilau, hakuna wa kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Nilikuwa nikisimama mlangoni, nawapitishia watu macho mara moja tu, na sinia zinatoka jikoni zikiwa kamili. Nilijivunia kazi hiyo kama mwingine anavyojivunia mashamba. Mama yako alikuwa akinitania kwamba hata peponi nitasimama mlangoni nipange watu watano watano.

Halafu akafariki mama yako, na ikafika arobaini yake.

Wewe ulikuwa darasa la tano. Siku ile ulikuwa ndani na wanawake, kwa hiyo yaliyotokea uani uliyasikia kwa watu, na watu hutia chumvi. Acha nikusimulie mwenyewe.

Hitima ilipokwisha, nikasimama mahali pangu kama kawaida. Watu walinishika bega wakaniambia nikae, leo wewe ni mfiwa, apange mwingine. Nikakataa. Nikawahesabu wanaume waliokaa kwenye jamvi na waliosimama. Sitini na moja. Nikawapanga watano watano: sinia kumi na mbili, akabaki mtu mmoja. Ningemwingiza mahali, basi, yakaisha. Lakini mwanangu, siku ile sikuweza. Nyumba ilikuwa na shimo katikati yake na mimi nilitaka kitu kimoja tu, kimoja, kiende sawa. Nikawainua.

Ndiyo, niliwainua watu wazima kwenye jamvi, pilau linapoa, nikawapanga upya wanne wanne. Nikaazima sinia za msikitini zikafika kumi na tano. Akabaki mtu mmoja. Nikawainua tena. Mzee mmoja akanung'unika kwamba magoti yake hayakuja kwenye gwaride. Nikawapanga sita sita, sinia kumi, na akabaki mtu mmoja. Jasho lilikuwa linanitoka. Nilidhani kuna mtu ananichezea, anakaa na kusimama kwa siri.

Aliyebaki mara zote tatu alikuwa mtu yule yule: mjomba wako Kombo, kaka mkubwa wa mama yako, aliyekuja kutoka kijiji cha Bweni tangu asubuhi. Hakuwa amechelewa. Alikuwa amejitwika kazi ya kuzunguka na birika na beseni, anawanawisha watu mikono, mmoja mmoja, kwa heshima ya dada yake. Ndiyo maana alikuwa bado amesimama wenzake walipokaa.

Nikamwambia, "Shemeji, subiri kidogo. Utakula na wapishi."

Akanitazama. Akaliweka birika chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Akasema, "Tumemzika dada yangu hata kaburi halijakauka, leo mimi ndiye wa kubaki?" Akatafuta makobazi yake kwenye lile rundo la viatu, na akachukua muda mrefu kuyapata, na katika muda wote huo hakuna aliyemshika mkono kumzuia, hata mimi. Kisha akaondoka bila kuonja hata punje. Watu wakala. Watano watano. Zilikuwa sinia kumi na mbili zilizokaa vizuri kuliko zote nilizowahi kupanga, na mimi sikumeza kitu.

Siku chache baadaye ulirudi shuleni na kitu cha kunionyesha. Nadhani ulikuwa umesikia wanawake wakinisema. Ulinivuta mkono mpaka kwenye lundo la nazi nilizokuwa sijazifua, ukachambua kumi na mbili na kuzipanga uani. Safu tatu za nne. Ukazivuruga, ukapanga safu mbili za sita. "Umeona baba? Hizi zinakubali." Ukaongeza nazi moja. Kumi na tatu. Ukaniambia nipange mimi, safu zilingane. Nilihangaika pale nimechuchumaa mpaka kiuno kikaniuma. Mbili mbili, inabaki moja. Tatu tatu, inabaki moja. Nne nne, inabaki moja. Kila ukijaribu inabaki. Mwisho ukazipanga mwenyewe mstari mmoja mrefu kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye karo, ukasema hivi tu ndivyo zinavyokubali, mstari mmoja. Namba ya namna hiyo inaitwa namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Zile nyingine, kama kumi na mbili, zina vigawo vingine katikati.

Kisha ukaninong'oneza, kama mtu anayetoa zawadi, "Na sitini na moja ni tasa, baba."

Saumu mama, sijui kama uliwahi kujua ulinipa nini siku ile. Ulinipa kisingizio. Nilikishika kwa mikono miwili. Nilizunguka Kanga nzima nikisema kosa halikuwa langu, kosa ni la namba. Niliwaeleza watu dukani, niliwaeleza msikitini baada ya swala, nikiwachorea mchangani kwa kidole. Na nikafanya upumbavu mkubwa kuliko ule wa kwanza: nilimtuma mwendesha bodaboda aliyekuwa anakwenda Bweni, nikamwambia, mwambie shemeji yangu Kombo kwamba sitini na moja haigawanyiki kwa chochote, aulize mwalimu yeyote, kwa hiyo tuyamalize.

Kijana akarudi jioni na jibu. "Amesema nikwambie yeye si namba."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Si siku ya arobaini, ni siku ya ujumbe ule. Kwenye jamvi angeweza kusema shemeji amechanganyikiwa na msiba. Baada ya ujumbe hakuwa na udhuru wa kunitetea nao. Ukakua bila mjomba, na Bweni si Oman, ni barabara hiyo hiyo inayopita mbele ya nyumba yetu. Ulipomaliza chuo, watu wote walikuja kukupongeza, na mjomba wako hakuja, na mimi nilisema labda barabara ni mbaya.

Ukweli uliokuwa ndani ya nazi zako ulikuwa ukweli. Sitini na moja haitagawanyika hata nikifufuka mara kumi. Lakini pilau halikuwa linagawanywa kwa hesabu. Aliyetaka watu walingane nilikuwa mimi. Sinia moja ingekuwa na mikono sita, nyama ingemegwa, watu wangebanana mabega, na hakuna ambaye angekumbuka mpaka leo. Mimi nimechukua miaka yote hii kuliona jambo ambalo mtoto anayekula na ndugu zake analijua kabla hajaota meno.

Sikiliza na hili, kwa sababu nitakapokuwa nakuwaza huko darasani nitakuwa nawaza siku hii. Unakumbuka ukuta wa jikoni? Uliandika kwa mkaa kuanzia moja mpaka mia, ukawa unafuta. Uliiacha mbili, ukakata zote zinazoifuata kwa mbili mbili. Uliiacha tatu, ukakata tatu tatu. Ulipoikaribia hamsini na moja nikakushika mkono. Nikasema hiyo iache, hiyo ni witiri, haina mwenza, hiyo lazima ni tasa. Nilikuwa nimejua kidogo na nilikuwa nimejaa kiburi cha kujua. Ukaniambia witiri si lazima iwe tasa. Tukabishana mpaka ukaenda tena kwenye nazi. Ukazipanga tatu tatu, safu kumi na saba, na haikubaki hata moja. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mama yako aondoke, na mimi nilijifanya nimekasirika ili uendelee.

Hapa kijijini wanasema baba yako ni mgumu, hakulia hata mazikoni. Nami niliamini hivyo hivyo. Nilijiona wa kutogawanyika. Lakini mimi ni hamsini na moja, Saumu. Ukinitazama unasema huyu hana pa kuvunjikia, kumbe hujajaribu kwa tatu. Nimelia mara nyingi kwenye shamba la minazi, ambako hakuna wa kuhesabu. Nakuambia kwa sababu utakutana na watoto na walimu wenzako wa aina hii, na utakutana nao ndani yako pia. Usimwamini mtu kwa kumtazama tu kwamba haumii. Na wewe ukiumia, sema. Mimi nilichelewa kusema na hakuna nilichopata kwa kunyamaza isipokuwa jina la ugumu.

Ukuta ule sijaupaka chokaa mpaka leo. Mkaa umefifia lakini kwa mchana kama huu, mlango ukiwa wazi, zinasomeka. Nilikwenda kuzitazama sasa hivi kabla sijaendelea na barua. Kuna namba moja uliikata kabla ya zote, hata kabla hujaanza na mbili. Uliikata moja. Nilikuuliza kosa lake nini. Ukasema mwalimu amesema moja haihesabiwi kwenye tasa, kwa sababu tasa ina vigawo viwili, moja na yenyewe, na moja haina wa pili, ina yenyewe tu. Nikauliza, basi iko upande wa zile zinazogawanyika? Ukasema huko pia haiko. Haiko popote, baba. Ukaendelea na kazi yako.

Tulikuwa watatu nyumba hii, tukawa wawili. Kesho nabaki mimi. Sikufichi: ulipouliza utakula na nani, ukali wangu ulitoka hapo. Ninaogopa. Naogopa saa ile ya baada ya magharibi, ambapo mimi huosha mikono na wewe unapakua, na tunakula kwenye sinia moja kama tulivyofanya miaka yote hii kwa sababu hakuna aliyetaka kuanza kutumia sahani. Naogopa kupika wali wa kikombe kimoja. Sitakuambia kwamba nitazoea, maana sijui. Lakini ukibaki kwa sababu ya hofu yangu, nitakuwa nimemnyima mtu mwingine nafasi kwenye jamvi ili mimi nilingane. Nimekwisha kufanya hivyo mara moja, na najua gharama yake.

Asubuhi ya leo nilikuambia nakwenda shamba. Sikwenda shamba. Nilipanda bodaboda mpaka Bweni.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Barabara ile iliyatikisa yote yakamwagika, na nilipofika sikuwa na hata sentensi moja. Niliwakuta wanakula mchana, wamekaa uani kwenye mkeka kuzunguka sinia, mjomba wako na mkewe na wajukuu. Amezeeka, mwanangu. Ndevu zimekuwa nyeupe tupu, na ana kikohozi. Nilipiga hodi, nikabaki nimesimama nimevua viatu, nimevishika mkononi.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

Alimaliza kwanza tonge lake. Watoto waliacha kula wakanitazama.

"Marahaba," akasema. Kisha, "Umekuja na hesabu zako?"

"Nimekuja na njaa."

Nilifikiri ataniambia nisubiri, na kama angesema hivyo ningesubiri, hata mpaka magharibi. Badala yake aliwageukia wale watoto, akasema neno moja tu.

"Sogeeni."

Wakasogea. Nikakaa katikati ya mtoto mwenye mafua na mke wa mjomba wako, magoti yangu yakiwa juu ya mapaja ya watu, nikanawa, nikala. Wali wa nazi na changu wa kukaanga. Sitakudanganya, niliwahesabu, ugonjwa huu hauponi. Walikuwa saba kabla yangu, na mimi nikawa wa nane. Nane inapendeza, ningeweza kuwapanga wanne wanne. Nikanyamaza nikala.

Hatukuombana radhi kwa maneno. Nilijaribu kuanza, akaniambia, "Kula, samaki anapoa." Baadaye aliuliza, "Na yule mtoto wa dada yangu?" Nikamwambia umepangiwa shule Sumbawanga, unakwenda kufundisha hisabati. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Mwambie asifundishe kama babaye." Nimekufikishia. Aliponisindikiza mpaka njiani alinyoosha kidole kwenye nyumba yake, akasema, "Ijumaa." Nilipanda bodaboda nikiwa nimeuficha uso kwa kofia, maana kijana wa bodaboda anaongea sana.

Kwa hiyo Ijumaa nitakuwa Bweni. Siku nyingine nitakula peke yangu hapa, na zitakuwa nyingi, na baadhi zitakuwa mbaya. Hilo si kosa lako wala si la namba yoyote. Nitalibeba mwenyewe.

Ukifungua begi kubwa, lile la bluu, utakuta chini kabisa kitu kigumu kimefungwa kwenye kanga ya mama yako. Ni sinia yetu, ile yenye maua mekundu yaliyobanduka. Usiirudishe, hapa nimebaki na sahani na inanitosha. Huko utapata wenzako, walimu wa kutoka kila mkoa, wengine hawajawahi kula hivi na watakutazama. Waonyeshe. Sijui mtakuwa wangapi, na sitaki unipigie simu kuniambia. Mkiwa watano ni sawa, mkiwa saba ni sawa, na akitokea mmoja mmekwisha kuanza, unajua la kuwaambia wenzako.

Nasikia sauti yako kule kwa majirani, unacheka. Nitaiweka barua hii juu ya begi kabla hujarudi, halafu nitakwenda kuchota maji ingawa mapipa yamejaa, ili usinione unapoisoma.

Panda boti, mama. Leo nimekula na watu.

Baba yako